Timu ya Wafupi

Msimu ule kocha wa mpira wa kikapu aliamua wachezaji wote wafupishwe ili timu iwe na kasi. Tumsifu, mlinda kikapu, akachomwa sindano ya kufupisha, akarudi nyumbani, na asubuhi akaamka akiwa sawa kwa kimo na mkewe, Nyamizi. Walicheka mpaka machozi alipopanda kigoda kushusha sufuria aliyoiweka mwenyewe juu ya kabati.

Uwanjani hakukuwa na kicheko. Wachezaji walikimbia kama swala, lakini kila mpira uliogonga ubao uliishia mikononi mwa warefu wa timu pinzani.

"Kocha amekiri kosa," Tumsifu alisema akivua raba. "Anataka turefushwe tena."

"Mwambie wewe akuache hivihivi," Nyamizi alisema, akimtazama usoni. "Mume wangu, miaka yote nilikuwa naongea na kifua chako."

Tumsifu akacheka naye, huku akivuta mkono wa shati kufunika plasta ya sindano ya kurefusha.