Leso ya Ukutani

Alasiri picha ilipokamilika, mtaa mzima ulitoka kuitazama. Bi Mwanashee alijiona amejaa ukuta wa ile nyumba kongwe ya mawe, kichwa juu, leso begani. Mara akakunja uso.

"Leso yangu haina jina," akasema. "Leso bila maneno ni shuka, Shamsa!"

"Jina nimekuachia wewe, bibi," mchoraji akajibu, akimpa brashi. "Mimi ni nani nikusemee?"

Vigelegele vikapasuka, kisha macho yote yakageukia dirisha la mkabala. Bi Rukia alikuwa pale, anatazama. Tangu ujana wao wawili hao walisemezana kwa vijembe vya leso tu, na sasa mmoja kapewa ukuta.

"Mpe vidonge vyake!" mtu akachochea.

Bi Mwanashee akachovya brashi, akanyoosha mkono. Hakufikia.

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Punde Bi Rukia akatoka mlangoni na kigoda chake, akakiweka chini ya ukuta.

"Panda. Na uandike kwa herufi kubwa, wajukuu wajue mtaa huu ulikuwa na wanawake."

Akakishika kigoda kwa mikono miwili kisiyumbe, uso juu, akingoja kusoma.