Taa ya Korido

Mara ya nne Chepkemboi akaipita ile korido, na mara ya nne taa ikawaka. Akarudi akipunga mikono juu ya kichwa kama mwendawazimu. Ikawaka tena.

"Haya, mzee! Hii inayowaka ni nini? Mshumaa?"

Mzee Mohinder alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa sebule, kilemba cha samawati kimefungwa sawasawa, mkongojo mapajani. Alimtazama kama mtu anayengoja umalize ujinga wako ndipo aseme neno lake.

"Kwako inawaka," alisema. "Kwangu haiwaki."

Ebo! Taa gani hii ya kuchagua watu? Hii ilikuwa safari ya tatu kwa wiki mbili kutoka kwake mtaani Rhonda hadi nyumba hii ya mawe ya Milimani, mfuko wa zana begani, kwa sababu ya sensa moja tu, lile jicho jeupe la ukutani linalowasha taa likiona mtu anapita. Korido yenyewe haina dirisha. Hata saa sita mchana ni giza totoro. Na mzee mwenyewe ndiye aliyeomba sensa, ati amechoka na mambo ya swichi.

Mwanzoni shida ilikuwa kinyume. Taa iliwaka ovyo. Payal, binti wa mzee, alikuja kutoka Nairobi akalala hapo siku moja, paka akamwashia taa mara sita. Alilalamika, na Chepkemboi akaja kubandika tepu nyeusi upande wa chini wa lile jicho, lisione kitu kisichofika kiuno cha mtu. Paka sasa apite hata akicheza ngoma. Payal akashukuru, akarudi kwake. Tangu siku hiyo ni mzee anayelalamika. Haiwaki. Haiwaki. Na hampigii fundi simu. Anampigia binti yake.

Hilo ndilo lililomchoma Chepkemboi. Payal alikuwa anajenga fleti arobaini kule Kiamunyi, na kazi yote ya umeme alikuwa amemwahidi yeye. Miaka kumi na mmoja amepanda ngazi akiambiwa na wanaume kwamba umeme si kazi ya wanawake, na hii ndiyo ingekuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Leo asubuhi Payal alimwambia bila kuzunguka: "Kama taa moja ya baba yangu imekushinda, nitakupaje fleti arobaini? Itengeneze leo, ama nimpe Pranav."

Pranav! Mpwa wa mzee! Kumbe. Hapo Chepkemboi alidhani ameuona mchezo wote.

"Mzee, sema ukweli. Unataka kazi ipewe Pranav."

"Pranav? Huyo hawezi kubadilisha hata balbu."

"Basi mbona unaniharibia jina?"

"Sikuharibii. Nasema taa haiwaki nikipita."

"Simama basi upite, nione!"

"Mimi si askari wa gwaride."

Chepkemboi akacheka, kicheko cha hasira tupu. Mtu mwenye maduka mawili mjini, suruali imepauka na kutoboka magotini kama ya mtoto wa nasari, na bado kiburi hakimtoki! Tangu siku ya kwanza hajawahi kumwinukia kumfungulia mlango. Ni "ingia, iko wazi" kutoka pale pale kitini. Hata mkono wa salamu alitaka apelekewe alipo, utadhani chifu. Alimchukia siku hiyo, alimchukia kabisa.

Akatoa simu, akampigia Payal kwa video.

"Madam, niko hapa na mzee. Nataka uone kwa macho yako. Atapita, taa itawaka, na maneno yaishe."

"Papa, pita tafadhali," sauti ya Payal ilisema. "Nina wageni. Ama hiyo nyumba imekushinda? Nilikuambia, siku ikikushinda naiuza, unakuja kukaa kwangu."

Uso wa mzee ukabadilika.

"Zima simu," alimwambia Chepkemboi.

"Sizimi!"

"Zima, fundi. Ukizima, nitapita."

Aha! Mwongo ameona njia imeziba. Chepkemboi alimwomba Payal dakika mbili, akakata. Akasimama sebuleni kando ya mlango, mikono kiunoni, hadi taa ya korido ikazimika yenyewe.

"Haya! Hakuna anayekuona ila mimi. Pita, halafu umpigie binti yako umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikuwa unanisingizia. Mimi nina watoto, mzee. Siwezi kuchezewa kazi yangu na mtu aliyekaa tu kitini kutwa nzima."

Mzee Mohinder aliulaza mkongojo sakafuni. Akavua miwani, akaitia mfukoni mwa shati, akashika mikono ya kiti kwa nguvu.

Kisha akajishusha chini, na kwa viganja na magoti akatambaa kuingia kwenye korido, akaipita yote hadi mlango wa choo. Taa haikuwaka.