Nikuite Mama Nani?

Tegua hiki, mjukuu wangu: nimemzaa mimi, lakini jina kanipa yeye. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nautwaa huu wa milimani, unaoingiwa na ukungu mpaka vyumbani. Jibu ni mtoto wa kwanza.

Mbaruku aliwaleta mkewe na binti yao Chausiku kupumzika katika hoteli ndogo ya mji huo. Tangu wamzike kaka yake Chausiku, mama hakuwahi kulitamka jina la yule mtoto, wala kuitika akiitwa kwalo.

Bi Mashavu, mwenye hoteli, aliwapokea kwa chai ya tangawizi. "Karibuni, wanangu. Na wewe, binti yangu, nikuite mama nani?"

Mama akainamisha uso. Mbaruku akadakia, "Mwite Mama Chausiku."

"Si kweli, baba!" akasema Chausiku. "Mimi wa pili."

Bi Mashavu akawapeleka chumbani, kwenye vitanda vitatu, kikubwa cha wazazi na viwili vya watoto. "Hiki kidogo cha ukutani hakina wa kukilalia. Ngoja nitoe blanketi lake."

Mama akakigusa. Shuka lilikuwa limebonyea katikati, kadiri ya mwili wa mtoto, tena lina joto.

"Makubwa!" Bi Mashavu akashtuka. "Nimekitandika asubuhi, na ufunguo ninao mimi." Akanyoosha mkono alichukue lile blanketi.

Mama akamzuia. "Liache, bibi," akasema, akilivuta taratibu mpaka kwenye mto. "Mimi ni Mama Hamidu."