Kura ya Mwili

Enzi hizo, msibishe, kura haikupigwa tena kwa karatasi. Ulivua viatu, ukasimama juu ya sahani ya chuma, ukaonyeshwa picha za wagombea. Yule ambaye mwili wako ulimshtukia zaidi, basi huyo ndiye umemchagua. Wakubwa walidai mwili hauna unafiki.

Tausi alikwenda na mimba ya miezi saba na nia moja tu: kumng'oa Mkuu, mtawala aliyemfunga mumewe Sefu. Mlangoni, mama mkwe wake alimpapasa mgongo.

"Ukimwona Mkuu, mwanangu, wazia pilau. Wazia hata mimi nikicheza chakacha. Ila usiogope."

Tausi akacheka, akaingia. Picha ya Bi Mkanyia, aliyeahidi kuwafungua wafungwa, ikapita, mwili wa Tausi ukatulia tuli. Ikaja ya Mkuu. Aliwaza pilau kwa nguvu zake zote, lakini vinyweleo vikasimama, na moyo ukaruka kama bisi sufuriani.

Taa ya kijani ikawaka.

"Hongera, dada," alisema karani. "Umempa Mkuu."

"Huo ni woga, kaka! Namwogopa!"

"Mashine haiulizi sababu. Inapima mshtuko tu."

Tausi akataka kushuka, machozi yakimlengalenga. Karani akamzuia taratibu.

"Subiri, haijamaliza."

Tumboni mtoto akajikunja ghafla, akajibana kwenye mbavu za mama yake, akanyamaza kama mtu anayejificha. Taa ikawaka tena.

"Na huyo naye," karani akasema, "kampa Mkuu."