Koti la Mfalme

"Sitauacha mji huu," Mfalme alisoma kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu nikasikia koti lake likichakacha kwenye maikrofoni.

Mimi ni fundi mitambo wa redio. Kusikia ndiyo kazi yangu. Studio haina dirisha, na mlango walinzi walikuwa wameufunga kwa nje.

"Samahani, Mtukufu. Koti linasikika."

"Wewe rekodi tu," mshauri wake akanikatiza. "Gari linasubiri."

Nikalitazama lile koti. Lilikuwa zito, la safari, limefungwa vifungo mpaka kooni. Ndipo nikaelewa kwa nini hotuba ya jioni inarekodiwa asubuhi: jioni atakuwa ameshauacha mji.

"Watu wana masikio, mheshimiwa," nikasema. Mdomo huu utaniponza siku moja.

Mfalme akaniangalia. "Una watoto, mama?"

"Watatu. Wako hapa hapa mjini."

Akafungua kifungo cha juu, polepole. Akafungua cha pili. Mshauri akamshika mkono.

"Fundi mwingine yupo, Mtukufu," akasema, macho yake kwangu.

Vidole vya Mfalme vikabaki kwenye kifungo cha tatu. Akanitazama, kana kwamba ruhusa ya kukifungua nilikuwa nayo mimi.