Shavu la Ambakisye

Siku hizi sheria inataka kila mfanyakazi wa kiwanda apakwe rangi ya epoksi: mikono kwanza, uso baadaye. Huchanganywa na dawa ya kuigandisha, wala haipashwi moto. Hukauka kwa joto la kawaida la chumbani, ikawa ngumu, na haibanduki tena.

"Baba Atupele, njoo umguse mtoto," Tusekile alimwita mumewe. "Macho yamemwiva, lakini mimi sihisi kitu."

Ambakisye aliweka kiganja kwenye paji la mtoto. Kiligonga kama sahani. Akainama, akaliegemeza shavu lake pale pale.

"Anachemka huyu! Lete kanga, twende hospitali."

Tusekile alimfunika mtoto, kisha akaligusa shavu la mumewe kwa kidole kigumu.

"Nyie mnapakwa uso lini?"

"Kesho," alijibu, bila kuinua kichwa.