Jina la Bwana Mbonde

Kabla ya kufungua dirisha la wateja, Leokadia aliangalia faili la watumiaji, lile linaloonyesha nani anaruhusiwa kuingia katika rejesta ya vizazi na vifo. Kulitunza ilikuwa kazi yake. Jina la Bwana Mbonde lilikuwemo bado, wiki tatu baada ya mazishi. Ofisi nzima ilijua nywila ya marehemu, na Leokadia mwenyewe ndiye aliyewaambia wenzake, "Tumieni hiyo kwanza, za kwenu nitawatengenezea."

Leo nalifuta, alijiambia, akaenda kumhudumia mteja wa kwanza.

Alikuwa mjane wa Mbonde, amefuata cheti cha kifo cha mumewe.

"Pole mama. Kiko tayari tangu jana."

Mama Mbonde alikisoma polepole, kidole kikifuata kila neno, mpaka kikasimama chini kabisa ya karatasi. Leokadia akainama kutazama. *Aliyesajili: A. Mbonde.* Tarehe ya jana.

"Huyu si mume wangu?"

"Ni kompyuta tu, mama. Ngoja nikuchapie kingine."

"Jana alikuja kazini?"

Nyuma, makarani watatu waliacha kuandika. Mama Mbonde alishika nondo za dirisha, akachungulia ndani, meza baada ya meza.

"Basi niitieni," alisema taratibu. "Mwambieni nimekuja."

Kwenye kompyuta ya Leokadia, kando ya jina lile, kialama cha kijani kilikuwa kinawaka: yumo.